Bi. Zeina Salmin na Maada Iliyosingiziwa Mengi

Bi. Zeina Salmin anastaafu tarehe 31 Oktoba mwaka huu, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na sita, yote katika Idara ya Picha. Aliingia akiwa msichana wa chumba cha giza, anatoka akiwa mkuu wa kitengo cha PET, mashine inayosaka saratani mwilini. Katikati hapo ameona mifupa ya nusu ya mji wa Malindi na hajawahi kumtangaza mtu.

Kwa kawaida ya jarida hili, wasifu wa mstaafu huwa mtamu toka mwanzo hadi mwisho, na chini kabisa huwekwa picha ya keki. Bi. Zeina amenikataza. Nilipompelekea habari kwamba kamati imenichagua mimi Kadzo, muuguzi niliyefanya naye kazi tangu mashine ya PET ifike, alisema: "Andika yote, mwanangu, au usiandike kabisa." Basi naandika yote. Bi. Zeina ni mgonjwa. Ana saratani ya matiti ambayo imekwisha kufika kwenye mifupa, na madaktari wetu hawamfichi kitu. Mtaani kwao wanasema ugonjwa umetokana na maada kinzani anayoishika kazini, kwamba maada hiyo imejificha mwilini mwake, na kwamba atakayemwosha siku akifa ataangamia naye. Kufa hakumtishi sana, ndivyo asemavyo mwenyewe. Linalomnyima raha ni swali la nani atamwosha.

Msomaji aliyekuja kutafuta keki anaruhusiwa kufungua ukurasa wa michezo.

Alizaliwa Shela, hapa hapa Malindi, katika nyumba ya wauza vitambaa. Baba yake alitaka akae dukani, yeye akataka hospitali, na walinuniana mpaka mama akaingilia kati. Siku hizo picha za eksirei zilisafishwa kwa dawa ndani ya chumba cheusi chenye taa moja nyekundu, kisha zikaanikwa kwa vibanio. Harufu ya ile dawa ilimwingia vidoleni isitoke. Wiki ya harusi yake, mama aliyempaka hina alilalamika kwamba rangi haikolei na kuuliza bibi harusi alikuwa akifua nini.

Wazee wa idara bado wanacheka kisa cha mzee mmoja wa Mambrui aliyekuja kupigwa picha ya kifua. Bi. Zeina alimwambia avute pumzi aizuie, akapiga picha, na hapo hapo simu ikalia kwenye chumba cha pili. Aliporudi alimkuta mzee wa watu amesimama wima, mashavu yamevimba, macho yametoka, anangojea ruhusa ya kupumua. Tangu siku ile hakuna aliyesikia Bi. Zeina akisema "zuia" bila kusema "achilia."

Kwa madaktari vijana alikuwa mkali. Wakimpa shikamoo aliitikia marahaba kwa adabu zote, kisha akawauliza ni goti lipi hasa linalouma, maana mgonjwa ameshika la kushoto na wao wameandika la kulia. Nami alinitimua mara mbili katika wiki yangu ya kwanza, mara zote mbili kwa haki.

Mashine ya PET ilipoletwa, miaka sita iliyopita, wenzake wa rika lake walikuwa wameanza kuzungumzia mashamba na wajukuu. Yeye akafunga mkoba kwenda Nairobi kusoma upya, akikaa darasani na vijana ambao angeweza kuwazaa. Alirudi na vyeti viwili na chuki kubwa kwa baridi ya huko.

Nitaieleza kazi yenyewe kama alivyonieleza mimi, kwa sababu mabaya yote yaliyofuata yalitokana na watu kuisikia nusu. Mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa chembe zenye mionzi. Uvimbe wa saratani una uroho wa sukari, kwa hiyo huijaza tumboni kuliko jirani zake. Kila chembe inapochakaa hutoa positroni, na positroni ni pacha wa elektroni: uzito ni ule ule, ila chaji yake ni chanya badala ya hasi. Hiyo ndiyo maada kinzani tunayoitumia. Ukinyume wake unaishia hapo. Haianguki kwenda juu, haina uzito chini ya sifuri, haitoki kwa majini, wala haina ugomvi na roho ya mtu. Ikishazaliwa inasafiri mwilini hatua fupi kama unene wa ukucha, inakutana na elektroni moja, na zote mbili zinakwisha. Lakini hazikwishi zikawa si kitu. Nguvu yao yote inatoka ikiwa miale miwili, mmoja kwenda huku na mwingine kinyume chake, na pete ya mashine inaidaka yote miwili kwa pamoja na kujua ilianzia wapi. Mahali ilipoanzia miale mingi ndipo penye uvimbe.

Positroni moja huondoka na elektroni moja, na mambo yamekwisha. Haimwambukizi jirani, haigeuzi nyama kuwa maada kinzani, haianzishi moto unaosambaa. Watu walioona filamu huuliza juu ya mlipuko, na Bi. Zeina hakuwahi kuwadanganya: ni kweli gramu moja ya maada kinzani ingeweza kuuangamiza mji, ila hakuna binadamu aliyewahi kukusanya hata kiasi cha punje ya vumbi, na ndani ya sindano yetu positroni hazikusanyiki kabisa, kwa kuwa kila moja inazaliwa na kwisha papo hapo. Elektroni anazopoteza mgonjwa ni chache mno. Ukiokota punje moja ya chumvi katika mabwawa yote ya Gongoni, umeyapunguza kuliko anavyopungua yeye. Na si kitu cha maabara pekee. Ndizi ina potasiamu ambayo mara moja moja hutoa positroni, na miili yetu ina potasiamu hiyo hiyo, kwa hiyo kila aliyewahi kukumbatiwa amekumbatiwa na mtu mwenye maada kinzani ndani yake. Bi. Zeina alipenda kuwaambia hayo wagonjwa wakiwa wamekaa wakingojea sukari ienee.

Dawa yetu hutengenezwa Nairobi na kuletwa kwa ndege, na hupoteza nusu ya nguvu zake kabla saa mbili hazijatimia. Ndege ikichelewa, inayofika ni dawa mfu. Dereva wetu Njoroge aliwahi kukuta barabara ya kutoka uwanjani imezibwa na msafara wa harusi, akashuka na kile kisanduku kizito cha madini ya risasi kinachozuia mionzi, akapita katikati ya matarumbeta akitokwa jasho, na wenye harusi wakadhani ni zawadi. Sifa hiyo ya kufa haraka ndiyo usalama wa mgonjwa. Tunamwambia asibebe watoto wachanga na asikae karibu na mwenye mimba mpaka usiku uingie. Asubuhi ya pili hana kitu cha kumdhuru yeyote.

Kulikuwa na vicheko pia. Bwana mmoja aliapa kwa Mungu kwamba hakutia kitu mdomoni wakati anangojea. Picha ikatoka na taya mbili zinazowaka kama taa za gari, maana msuli unaofanya kazi nao hula sukari. Bi. Zeina alimwita akamwonyesha. "Baba, miraa uliitema wapi? Taya zako zimekushitaki." Yule bwana alitoa kifurushi mfukoni akamkabidhi na kuomba mkewe asijue.

Sasa nafika kwenye redio.

Mwaka wa tatu wa mashine, kituo kimoja cha redio hapa pwani kilimwalika kwenye kipindi cha akina mama. Alizungumza vizuri sana, sote tuliacha kazi tukasikiliza. Mtangazaji akamuuliza hiyo maada kinzani ni nini. Akajibu: "Ni kinyume cha maada tuliyoumbwa nayo. Zikigusana, zote mbili huangamia." Alikuwa anavuta pumzi aendelee, na hapo ikaingia adhana ya adhuhuri. Kituo kile hukata kipindi chochote ikifika adhana, na baada ya adhana huanza mawaidha. Hakurudishwa hewani. Yaliyobaki, yale ya ndizi, ya miale miwili, ya dawa kwisha usiku ule ule, aliyasema ndani ya gari akiwa njiani kurudi kazini, na aliyeyasikia ni Njoroge peke yake.

Sentensi ile ilikuwa kweli. Ndiyo sababu ilidhuru kuliko uongo, kwa sababu hakuna aliyeweza kusimama na kuikanusha. Ilipita kwenye simu za watu, kwenye vibaraza vya akina mama, na ilipofika vijijini ilikuwa imeungana na lile agizo letu la kutobeba watoto. Watu wakajumlisha wenyewe: anayetoka kwenye mashine ile hagusiki.

Baada ya mwezi hivi tulimpiga picha Hafswa, mwanamke wa Gongoni ambaye mumewe, Musab, anafanya kazi ya chumvi. Alikuwa bado kijana na saratani ya tezi ilikuwa imemjaa shingoni na kifuani. Siku mbili baadaye alifariki nyumbani alfajiri. Kabla ya adhuhuri Musab alipiga simu idarani, na mimi ndiye niliyeipokea. Alikuwa haongei vizuri. "Waoshaji wamekataa," alisema. "Wasema ana ile kitu yenu. Niwaambie nini?"

Bi. Zeina aliomba ruhusa, akachukua kipima mionzi, na mimi nikamfuata. Kutoka barabara kuu tulipanda pikipiki, yeye nyuma ya dereva na buibui amelikunja magotini, mimi nyuma yake na mkoba. Tulikuta watu wengi uani. Kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa. Mfuo wa kupokea maji ya kuoshea ulikuwa umechimbwa pia, kitanda kimewekwa juu yake, majani ya mkunazi yamepondwa, karafuu maiti ipo kwenye kisahani, na hakuna mtu ndani ya chumba ila Hafswa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Maalim alikuwa ametoa rai kwamba kama maji yana madhara basi maiti apigwe tayammamu kwa mchanga, lakini hata hiyo ilihitaji mkono wa kumgusa, na mkono haukupatikana. Ukutani palikuwa na nailoni nyeusi ya kufunikia chumvi, imekunjwa vizuri. Nilielewa kabla sijaambiwa kwamba wangemviringisha humo bila kumwosha.

Mkubwa wa waoshaji, mama mmoja anayeitwa Mama Rashad, alimpokea Bi. Zeina kwa heshima kubwa. "Karibu mwanangu. Sisi hatuna chuki na marehemu, tumemjua tangu yuko mgongoni. Lakini wewe mwenyewe wasema kwenye redio zikigusana zaangamia zote. Mimi nna wajukuu wanitegemea."

Hapo Bi. Zeina alifanya kosa ambalo ni mtu wa kazi yetu tu anayeweza kulifanya. Alidhani chombo kitasema badala yake. Sisi tumezoea kwamba kipima mionzi hulia popote kinapowekwa, kwa kuwa mawe, hewa na miili yetu havikosi mionzi kidogo. Kulia si kitu, cha kuangalia ni kasi. Akakiwasha uani ili awaonyeshe kwamba mlio wa uani na mlio wa chumbani ni mmoja. Kikaanza: tik, tik, tik-tik. Akafungua mlango, akakisogeza karibu na shuka, na kweli mlio ulikuwa ule ule. Lakini nje hakuna aliyehesabu kasi. Mwanamke mmoja alipiga kelele, "Yasikieni! Yamtafuna!" na karibu ua mzima ukakimbia. Wengine waliacha viatu.

Sijapata kumwona Bi. Zeina vile. Alikizima kile kipima, akanipa bila kuniangalia, akaniambia nikitie mkobani nisikitoe tena. Akavua saa, akavua pete, akakunja mikono ya gauni. Alikuwa mwoshaji wa maiti mtaani kwao Shela kwa zaidi ya miaka ishirini, jambo ambalo wengi kazini hawakulijua. Alisimama mlangoni akauliza, "Nani animiminia maji?"

Mimi ni Mkristo na nilijua si mahali pangu, nikabaki nimesimama. Halafu mama yake Hafswa alinyanyuka kwenye mkeka, akachukua kopo. "Nitamimina mimi," alisema. "Nikiangamia naye, ndilo nilitakalo." Wakaingia, mlango ukarudishwa. Nilisikia maji, na sauti ya Bi. Zeina ikisoma polepole. Baada ya muda Mama Rashad alirudi kutoka alikokimbilia, akapita mbele yangu na karafuu maiti mkononi, akasukuma mlango. Hafswa alizikwa kabla ya alasiri, ameoshwa, ndani ya sanda. Nailoni ilirudishwa kwenye chumvi.

Ningependa kumaliza hapo, na jarida lolote lenye huruma lingemaliza hapo. Lakini waliomwona akifanya vile hawakusema kwamba maada kinzani haina madhara. Walisema Bi. Zeina ameizoea. Walisema ana kinga yake. Wagonjwa walipungua hata hivyo. Bwana mmoja wa upande wa Watamu alifika hadi mlangoni kwetu, akatazama alama ya mionzi, akageuka. Tulimwona tena baada ya miezi mitano, na wakati huo uvimbe ulionekana kwa macho bila mashine yoyote. Namlilia hadi leo, na hasira ninayo, ila sijui nimkasirikie nani.

Mwaka uliofuata, katika mfungo wa Ramadhani, Bi. Zeina alijipapasa akakuta uvimbe. Tulimpiga picha kwenye mashine yake mwenyewe. Mimi ndiye niliyemdunga. Alilala akitoa amri kutoka kitandani: pandisha mto, funga mlango, Safaa angalia pete ya tatu jana ilikuwa inasumbua. Safaa ni fundi wa mashine aliyemfundisha mwenyewe tangu hajui kuiwasha. Picha zilipotokea Safaa alizima kioo haraka, lakini Bi. Zeina alikuwa amekwisha shuka na amesimama nyuma yake. Alizisoma kabla ya daktari. Uti wa mgongo, nyonga, mbavu mbili. Alisema tu kwamba picha ni safi na mgonjwa hakutikisika.

Mtaani ilichukua siku chache. "Alimwosha yule wa Gongoni, yakamhamia." Sentensi hiyo ilienea kuliko alivyopata kuenea yeye redioni. Tendo lake jema kuliko yote likawa ushahidi dhidi yake. Na watu wa kazini pia waliuliza, kwa sauti ya chini, kama mionzi ndiyo iliyomletea. Swali hilo ni la haki, na alilijibu kwa haki. Miale ile miwili ni mionzi kweli, nasi huvaa beji za kuipima, na beji yake haikuwahi kupita kiwango hata mara moja. Mama yake na mama yake mdogo walikufa kwa ugonjwa huu huu kabla hajaingia chumba cha giza. "Siwezi kuapa," aliniambia. "Hakuna awezaye kuapa. Lakini positroni ya Hafswa, yule mtoto wa Gongoni, ilikwisha kabla yeye hajakwisha. Hiyo naapa."

Kikundi cha waosha maiti cha Shela hakijamfukuza. Hakuna aliyemwambia neno. Wameacha tu kumwita. Amekaa nyumbani kwake akisikia kilio nyumba ya tatu, amevaa, amejitayarisha, na miguu ikapita nje ya mlango wake bila kusimama. Kwenye khitma moja aliona kikombe chake kikiwekwa kando. Alimwuliza wifi yake waziwazi itakuwaje siku yake ikifika, na wifi, ambaye anampenda, alitazama chini akasema, "Tutatafuta njia." Bi. Zeina alikuwa amekwisha iona njia ya watu, imekunjwa ukutani kule Gongoni.

Alijaribu kuirekebisha ile sentensi ya redioni. Alikwenda kwenye madrasa ya akina mama na kueleza upya tangu mwanzo, safari hii mpaka mwisho, na ndizi mkononi. Walisikiliza vizuri, wakauliza maswali ya maana, wakacheka walipotakiwa kucheka. Mwishoni mama mmoja alinyoosha mkono akauliza kwa upole kabisa, "Na wewe sasa, mama, yamekwisha kukutoka?"

Kamati ya zawadi ilipomfuata mwezi uliopita, tayari tulikuwa tumezungumza habari ya friji. Alikataa friji. Alisema anataka alasiri moja tu, na wanawake wa kazini walio tayari kujifunza kumwosha, katika chumba cha kutayarishia wagonjwa. Waliojitolea ni Safaa na wauguzi wawili Waislamu wa wodi ya wanawake, pamoja na mimi. Alisema dini yake hainiruhusu mimi kumwosha lakini hakuna dini inayokataza kuchota maji, basi mimi nitakuwa wa maji.

Tulileta yule mwanasesere wanaomtumia kufundishia huduma ya kwanza. Bi. Zeina alimgeuza kwa mkono mmoja, akamrudisha. "Huyu mwepesi, hafundishi kitu." Akavua viatu akapanda kitandani mwenyewe na nguo zake zote, akalala chali, akafumba macho.

Akatuelekeza akiwa amelala. Kulia kwanza. Kitambaa mkononi. Msitiri muda wote, hata kama hakuna mwanamume kwa maili kumi. Kumgeuza, shika bega na nyonga pamoja, "msinivute kama gunia." Safaa alinyoosha mikono, ikasimama hewani, karibu na bega lake, haikushuka. Huyu ni Safaa anayeishika ile dawa kila siku, anayejua hesabu zake zote. Bi. Zeina alifumbua jicho moja.

"Na wewe waogopa?"

"Si hayo, mama," Safaa alisema. "Naogopa siku yenyewe."

"Hiyo hata mimi," alisema Bi. Zeina. "Shika."

Akashika. Wakamgeuza, nami nikamimina maji ambayo hayakuwamo kwenye jagi. Walipofika mgongoni niliona Bi. Zeina analia, bila sauti, machozi yanashukia kwenye mto wa karatasi. Tukadhani tumemuumiza mbavu. Alitikisa kichwa. Alisema ni muda mrefu hajaguswa na mtu asiyevaa glavu. Kisha akamwambia Safaa arudie upande wa kulia, amefanya haraka mno.

Bi. Zeina, hospitali hii inakushukuru kwa kila mgonjwa uliyemwambia aachilie pumzi. Inakushukuru kwa vijana uliowafundisha, kwa saa ulizongojea ndege, kwa kusema kweli hata ilipokugeukia. Tunakutakia siku zilizobaki ziwe nyingi kuliko wanavyokisia madaktari, ziwe na maumivu machache, na watu wakuingilie nyumbani, wanywe kahawa kwa vikombe vyako.

Na ile siku yenyewe, usiifikirie tena. Safaa anajua upande wa kuanzia, wenzake wanajua, maji ni yangu. Utaoshwa.

Kadzo, kwa niaba ya Idara ya Picha